Mkono wa Kushoto Nilioufundisha Usingizini

Harufu ndiyo iliyoanza. Kidole kilikuwa hakijawa cheusi, na daktari alikuwa hajasema neno lolote. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chumbani kwetu, mtaa wa Nyakato, namenya viazi, nikasikia harufu ya samaki aliyechina. Nikainama chini ya kitanda kutafuta panya aliyekufa. Nikanusa ndoo ya maji, nikanusa kanga niliyovaa. Halafu nikapeleka mkono kufuta jasho puani, nikajua inatoka wapi. Ilikuwa inatoka kwangu.

Naandika haya kwa sababu watu waliokatwa kidole, mkono au mguu wamekuwa wakinijia na kuniuliza nilianzaje tena. Wanategemea niwaeleze habari za kujipa moyo. Mimi nitawaeleza habari za kinyaa, maana hizo hakuna aliyeniambia, na kwa kutoambiwa nikadhani mimi peke yangu ndiye niliyejichukia kiasi kile. Nitawaeleza pia habari ya ndoto. Wakicheka, wacheke.

Naitwa Nyanzala. Kwetu ni Misungwi, lakini niliolewa mjini na Deusi, kijana wa Kagera aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Tulikuwa hatujamaliza mwaka wa pili wa ndoa kiwanda kilipoanza kusuasua, na Deusi akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Miaka ileile viwanda vya samaki vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga. Nikapata kibarua cha kukata minofu. Unasimama umevaa koti jeupe na viatu vya mpira, maji baridi yanapita miguuni, sangara wanakuja mezani mmoja baada ya mwingine, na wewe unawavua nyama. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, yale tunayoita mapanki, vinarudi mitaani kwetu kukaangwa. Nilikuwa hodari. Nasema bila kujisifu, kwa sababu huo uhodari niliupoteza.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza tu mwiba wa pezi la mgongoni ulipopenya glavu na kunichoma chini ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kilitoka kitone kidogo cha damu. Nikakinyonya, nikatema, nikaendelea na kazi.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Zahanati walinichoma sindano. Ilipofika siku ya nane nilikuwa hospitali, na daktari alikuwa amenipasua kiganja. Nakumbuka nilitazama. Mtu yeyote angegeuza uso, mimi nikatazama. Usaha ulitoka mwingi, mzito, wa rangi ya maziwa yaliyoganda, na nesi aliyeshika bakuli akageuka pembeni kumeza mate. Sikumlaumu. Mkono ule ulikuwa wangu na mimi mwenyewe nilitamani kumeza mate, ila mdomo ulikuwa umekauka.

Kabla ya Krismasi walikitoa kidole cha shahada. Nikadhani yamekwisha. Baada ya mwaka mpya wakakitoa na kidole gumba. Mtu hajui kidole gumba ni kitu gani mpaka kitolewe. Vitatu vilivyobaki vilikuwa vimekakamaa, havikunji vizuri, haviwezi kushika hata sega.

Kuanzia hapo muda wangu ulihesabiwa kwa kusafisha kidonda: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Tulikuwa tunangoja kwenye benchi refu nje ya chumba cha vidonda, kila mtu na nzi wake. Watu walisogea mbali nilipokaa. Hawakusogea kwa ubaya. Walisogea kidogo kidogo, mmoja anajifanya anatazama mlango, mwingine anajifanya anafunga kamba ya kiatu, mpaka nikajikuta nimebaki peke yangu upande mmoja wa benchi. Mtaani kwetu walisema ni ule ugonjwa. Daktari alinipima damu akasema siyo, lakini karatasi ya daktari huwezi kuivaa shingoni.

Siku moja mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu kilichokaa miaka alikuja akakaa karibu kabisa na mimi.

"Shikamoo baba," nikasema. "Hapa pananuka."

"Marahaba. Najua," akanijibu. "Na mimi nimekuja na ya kwangu. Sogeza mkono huo nipumzishe mguu."

Tukakaa vile, tunanuka pamoja, akanisimulia habari za ng'ombe wake mpaka jina langu likaitwa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu vuli. Baada ya masika sikumwona tena, na sijui aliishia wapi.

Nyumbani Deusi alihamia kwenye mkeka sakafuni. Alisema ni joto. Nilijua si joto, na yeye alijua kwamba najua. Kila asubuhi aliukunja mkeka wake, akaenda mjini kuuza mitumba, kazi ambayo hakuijua wala hakuipenda.

Ndipo mama yake akaja. Alishuka melini kutoka Bukoba na mkungu wa ndizi, mwanamke mnyoofu wa mgongo, aliyefundisha katekisimu parokiani kwao kwa miaka mingi. Nilipiga magoti kumwamkia nikiwa nimeficha mkono wa bendeji nyuma ya kanga. Jioni yake tuliketi kula, ndizi na maharage kwenye sinia moja. Nikanawa, nikapeleka mkono wa kushoto.

Mama akaliinua sinia.

"Mwanangu," akasema, "mkono huo?"

"Ndio nilio nao, mama."

"Na chooni unatumia upi?"

Deusi alitazama chini. Jibu lilikuwa moja na wote tulilijua. Mama akachukua sahani, akanipakulia chakula changu peke yangu, akaniwekea na kijiko. Nilikula nikiwa nimejaa hasira mpaka kooni. Na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeunawa mkono ule kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, na kila mara kabla ya kula niliunusa kwa siri. Tangu utoto nimefundishwa kwamba huo ni mkono wa uchafu. Sasa ndio uliobaki mzima, na mimi mwenyewe nilikuwa nauonea kinyaa kuliko ule uliooza.

Lakini kesho yake asubuhi niliamka nikakuta mama amezikusanya bendeji zangu zilizotumika. Alikuwa amezichemsha kwenye sufuria aliyokuja nayo mwenyewe, na sasa alikuwa amechuchumaa anazifua kwa mikono, usaha mkavu na damu vikitoka na povu la sabuni.

"Mama, acha," nikasema kwa aibu. "Nitafua mimi."

"Kwa mkono upi?" akauliza bila kuinua kichwa. Akazianika kwenye kamba mbele ya majirani wote, ndefu, nyeupe, kana kwamba ni mashuka ya altare. Mpaka anaondoka hakula nami sahani moja. Na mpaka anaondoka hakuna siku niliyofunga kidonda kwa bendeji chafu. Mambo hayo mawili alikuwa nayo mtu mmoja, na sijaweza kuyatenganisha.

Ndoto ya kwanza ilinijia Februari, alasiri, saa mabati yanapolia kwa joto. Nilikuwa nimetoka kuchomwa sindano, nikajilaza. Nikajikuta mbele ya meza ya kukatia. Sangara amelala, jicho la njano. Nikachukua kisu kwa mkono wa kulia kama siku zote, nacho kikakaa kiganjani barabara. Ndipo nikakiona kidole gumba kimeukumbatia mpini, na ukucha wake wenye mstari mweusi.

Nikakiambia kwa sauti, "Wewe si ulitupwa?"

Na hapo nikajua ninaota. Sikuamka. Nilijua tu, huku bado nimesimama mle ndani, nasikia maji yakipita kwenye viatu vyangu. Nilifurahi mno, na ile furaha ikaniamsha.

Nilipomwambia Deusi, alisema ni homa. Mama akasema, "Usimsimulie mtu. Watasema unawanga." Kisha akaniuliza polepole, "Na vidole vilikuwa vyote?"

"Vyote, mama."

Akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kumenya ndizi.

Ingekuwa imeishia hapo kama si habari ambayo Deusi alirudi nayo wiki ile kutoka kiwandani kwangu. Alikuwa ameenda kumwona msimamizi wetu wa meza, mtu mmoja tuliyemwita Bosi Tito. Tito alikuwa amemwambia nafasi yangu ataishikilia mpaka mwisho wa masika, kusubiri zaidi ya hapo haiwezekani, langoni kuna mstari wa watu kila siku. "Amesema uje na mkono wowote," Deusi akanieleza, "lakini ukate."

Mkono wowote. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa hauwezi kufunga kifungo cha blauzi. Nikachukua kisu cha jikoni nikajaribu kwenye panki alilonunua mama kwa ajili ya mchuzi. Kisu kiliteleza kikanikwaruza paja. Shombo ikanipanda puani, nikakumbuka kiganja changu kilivyofunguka, nikatapika palepale kwenye karai. Tangu nilipougua sikuweza kuvumilia harufu ya samaki, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoijua.

Basi nikafikiri: kule ndotoni nilishika kisu wala sikutapika. Kwa nini nisiende kule kujifunza?

Nitawaeleza nilivyofanya, kwa kuwa wengi huniuliza. Alfajiri, majirani walipoanza kugonganisha ndoo bombani, nilikuwa naamka na kukaa kidogo kitandani. Nilikuwa nautazama mkono wa bendeji kwa makini, nahesabu vidole vitatu, najiambia, "Nikiona vitano, naota." Kisha najilaza tena. Siku nyingi sikupata kitu, au niliota mambo ya ovyo nikayaamini. Mara moja kwa wiki, baadaye mara mbili, niliuona mkono ukiwa mzima, nikajua. Nilijifunza pia kutofurahi. Nikihisi ndoto inafifia, nilisugua kiganja kwenye ukingo wa meza, ule ubaridi wa bati ukanishikilia mle ndani.

Shida ya kwanza ilikuwa mkono wa kulia wenyewe. Ulikuwa mzima, unautaka ule uhodari wake, unakwenda kwenye kisu kabla sijafikiri. Ikabidi niuchomeke nyuma, kwenye mkanda wa aproni, na bado ulichomoka. Ilinichoma moyo kuuzuia. Fikiria umerudishiwa mkono wako ukiwa mzima, kisha unauambia kaa nyuma. Kuna asubuhi niliamka nikilia kwa ajili hiyo tu.

Na msidhani yalikuwa mazuri. Samaki wa ndotoni walikuwa wachafu kuliko wote niliowahi kuwagusa. Nilipasua tumbo nikakuta bendeji zangu zimekunjwa ndani. Nilimkata mwingine akatoa usaha ule ule wa maziwa. Mara nyingine kisu kililegea kama ugali, au samaki akanigeukia na uso wa mtu wa benchi la hospitali. Sikuwahi kumaliza samaki hata mmoja. Kila nilipokaribia mkia aligeuka kuwa kitu kingine. Nikawa naanza tena: kisu nyuma ya shavu, shuka mpaka kwenye uti wa mgongo, laza kisu, fuata mfupa. Mkato mmoja tu, mara kumi, mara ishirini. Kichefuchefu kilikuwepo, lakini kule niliweza kujiambia, "Hiki si kitu, ni usingizi," nikaendelea kukata nikiwa na kichefuchefu changu. Nadhani hilo ndilo somo kubwa nililopata. Mkono ulijifunza kukata, na tumbo likajifunza kunyamaza.

Kuna kitu kimoja nilikipata kule waziwazi. Mchana nilikuwa namlaza samaki kama nilivyofundishwa siku zote, kichwa upande wa kushoto, na mkono ulijikunja vibaya. Ndotoni, sangara mmoja alijigeuza mwenyewe mezani, kichwa kikaja kulia, akalala anasubiri. Nikapitisha kisu, kikaenda chenyewe. Nilipoamka sikungoja hata kunawa uso. Nilikwenda jikoni, nikachukua panki, nikaligeuza.

Mama alisimama mlangoni ananiangalia.

"Umeliweka kinyume," akasema.

"Mimi ndiye niliye kinyume, mama. Sasa tumelingana."

Alikuja na aproni yangu, akanifungia vizuri kiunoni. Kuanzia siku hiyo alininunulia panki kila alipokwenda sokoni, na ndizi zote za nyumba ile nilizimenya mimi kwa kushoto, mwanzoni zikitoka zimechunwa kama zimegongwa na gari. Sisemi ndoto peke yake ilinifundisha. Mtu akikwambia alilala akaamka fundi, anakudanganya. Nilikuwa nafanya kule alfajiri, nafanya huku mchana, na kila upande ulikuwa unausahihisha mwingine.

Masika yakashika. Upepo ulisukuma magugu maji mpaka ufukweni, yakalala pale marundo kwa marundo, yakaoza. Harufu ilipanda mjini, ikaingia hata kanisani. Kwa mara ya kwanza mji mzima ulinuka kuliko mimi, nami nilitembea barabarani nimeinua kichwa. Kidonda kilikuwa kimeanza kuziba, chekundu kizuri, bila unyevunyevu. Nesi aliyegeuka kumeza mate siku ile ya bakuli alikishika bila glavu, akapitisha kidole kwenye kovu.

"Kimekauka," akasema. "Ijumaa usije."

Sikujua nifanye nini na Ijumaa hiyo. Nilikaa nyumbani nikasikia kama nimefukuzwa.

Mama aliondoka na meli ya wiki ile. Asubuhi baada ya kumsindikiza, Deusi hakuukunja mkeka wake. Alikaa juu yake, magoti kifuani.

"Nilishindwa harufu," akasema. "Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa natamani kukwambia kila siku."

"Na mimi nilishindwa," nikamwambia. "Ila mimi sikuwa na pa kuhamia."

Alifunika uso. Sikumkumbatia. Hayo ya kukumbatiana mara moja mnayasikia kwenye tamthilia za redio. Mimi nilikuwa bado namwona jinsi alivyokuwa anageuza kichwa nilipopita. Nilimwachia nafasi kitandani, basi. Alirudi siku ya tatu, akalala pembeni kabisa, kama mgeni, na mambo yakaendelea kutoka hapo, polepole, mpaka leo tuna watoto wawili.

Wiki ya mwisho ya masika nikaenda kiwandani. Bosi Tito alinitazama mkono, akatazama pembeni upesi, akaniletea sangara watatu mezani. Wakataji wenzangu wa zamani walipunguza mwendo wapate kuona. Niliwageuza samaki wote watatu, kichwa kulia. Nikasikia mtu anacheka.

Nikashika kisu kwa kushoto. Shombo ilikuja, kali, ya kweli, na mate yakanijaa mdomoni. Nikayameza. Wa kwanza nilimkata vibaya, nikaacha nyama mfupani. Wa pili nilipoanza, nikagundua kitu kilichonipa nguvu mpaka nikatabasamu peke yangu: samaki huyu habadiliki. Hana bendeji tumboni, hana uso wa mtu. Analala alivyo, amekufa, mtulivu, mpaka umalize. Baada ya miezi ya wale wa usingizini, huyu alikuwa kazi rahisi. Nikafika mkiani. Mnofu ukatoka mzima, nikaulaza mezani, nikamgeuza upande wa pili, kisha nikamkata wa tatu vilevile.

Tito aliwachukua wa pili na wa tatu, akawapindua, akawanusa.

"Utaanza kesho," akasema. Kisha akashusha sauti. "Ila mkono huo uvae glavu wakati wote. Kuna wageni wa ukaguzi wanakuja kutoka kwa wanunuzi. Wakiuona watasikia kinyaa, watakataa mzigo."

Nilikuwa nimekizoea kinyaa. Nilikuwa nimekila na kukilalia tangu vuli. Lakini siku hiyo, nikiwa nimesimama kwenye maji ya utumbo na damu, nikimsikiliza mtu anayenusa samaki kwa kazi akinieleza jinsi mkono wangu uliopona utakavyochafua minofu yake, kinyaa kiliniondoka mimi kikamwendea yeye. Nilihisi kinavyohama, kama mzigo unavyoshuka begani. Sikutukana. Nilikuwa naihitaji kazi.

Kesho yake nikavaa glavu. Mkono wa kulia ulikuwa wa kumkandamiza samaki, na vile vidole viwili vitupu vya mpira vilining'inia mbele, vinaingia kwenye mkato kila ninapopitisha kisu. Nilivumilia samaki wanne. Wa tano nikasimama, nikaukunjua mkono mezani mbele ya wote, nikavikata vile vidole vya mpira kwa mkono wa kushoto, kimoja, halafu kingine, nikayafunga matundu kwa uzi wa magunia.

Tito alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unaharibu glavu ya kiwanda," akasema.

"Nimeipunguza tu inikae," nikamjibu, nikavuta sangara mwingine, nikamgeuza.